Tunapochanganya najisi na dhambi

Maria mamake Yesu alikuwa ametenda dhambi gani? Swali hili huzuka wanafunzi wa somo la dini wanapofika katika sura ya 2 ya Injili ya Luka, na aghalabu walimu hulikwepa. Luka anasimulia kuwa siku za utakaso zilipotimia, Yusufu na Maria walipanda kwenda Yerusalemu kutoa ndege wawili kama Torati ilivyoagiza. Mwanafunzi mdadisi akilifuata agizo lenyewe hadi katika sura ya 12 ya Mambo ya Walawi, atakuta kwamba ndege mmoja ni sadaka ya kuteketezwa na wa pili ni sadaka ya dhambi. Je, kuzaa mtoto kumegeuka kuwa kosa? Na iwapo mtoto mwenyewe ndiye huyo ambaye Wakristo humwita Mwokozi, kosa hilo litaelezwa vipi?

Majibu yanayotolewa ni ya aina kwa aina. Kuna mwalimu atakayesema kuwa ni dhambi ya Hawa inayowaandama wanawake wote. Kuna atakayesema kuwa binadamu wote ni wenye dhambi na Maria alikuwa binadamu. Kuna naye atakayemwambia mwanafunzi aache kuyachokonoa mambo yaliyomzidi kimo. Kwa maoni yangu, swali hili halikuzaliwa na Torati hata kidogo. Limezaliwa na tafsiri, na hiyo ndiyo sababu mtu wa taaluma ya isimu anathubutu kutia jembe katika shamba la wanatheolojia.

Wala jambo hili si la wasomi peke yao. Katika baadhi ya makanisa yetu nchini Kenya, mwanamke aliye katika siku zake hutakiwa aketi nyuma, au asikaribie madhabahu, au asiguse vyombo vya ibada. Na aliyejifungua huhesabiwa siku kabla ya kurejea. Kila jumuiya ya waumini ina uhuru wa kujiwekea utaratibu wake, nami sina ugomvi na uhuru huo. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayotolewa. Msichana wa miaka 13 anapoambiwa kuwa amezuiwa kwa sababu amemchukiza Mungu, na kitabu kinacholetwa kuwa shahidi ni Walawi, anaondoka na fundisho ambalo Walawi haina.

Tuanze na maneno. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu katika jamii ya lugha za Kisemiti, na Kiswahili kimekopa pakubwa kutoka kwa Kiarabu. Matokeo yake ni kwamba msemaji wa Kiswahili amebeba mdomoni msamiati wa ibada ya Waisraeli wa kale pasipo kujua. Sadaka kwa Kiebrania ni korban, yaani kitu kinachosogezwa mbele, na mzizi wake ndio ule ule wa neno letu karibu. Mahali pa kuchinjia ni mizbeah, jamaa ya madhabahu. Kilicho safi ni tahor, jamaa ya twahara, neno ambalo huku bara limebakia katika umbo la tohara na maana moja tu ya kutahiri, ilhali pwani bado lina maana pana ya usafi wa kiibada. Kukosa ni khata, jamaa ya hatia. Na kitendo cha kuhani ambacho Biblia yetu hukiita upatanisho ni kipper, ndugu wa kafara. Ukitafakari kwamba karibu na korban ni neno moja kwa asili, umekwisha kuelewa jambo kubwa: ibada yote ile ilihusu nani anaweza kukaribia mahali anapokaa Mungu, lini, na katika hali gani.

Sasa, sadaka ya dhambi huitwa khattat. Mtego uko hapa, kwa maana kwa Kiebrania neno hilo hilo laweza kuwa dhambi na laweza kuwa sadaka. Wafasiri wa Kiyahudi wa Aleksandria, walioitia Torati katika Kigiriki yapata karne ya 3 kabla ya Kristo, walitumia neno lenye maana ya dhambi. Kilatini kikafuata, Kiingereza kikafuata, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyochukua mahali pa zile zilizotangulia za Kiunguja na Kimvita, ikarithi mkondo huo. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Mfasiri hurithi kama mtu mwingine yeyote.

Lakini umbo la neno lina habari nyingine. Katika Kiebrania kuna mnyambuliko wa kitenzi ambao, pamoja na kazi zake nyingine, huweza kuigeuza maana iwe kinyume. Sisi hatuna haja ya kuhangaika kuuelewa, kwani tunayo kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa, tata na tatua. Kiebrania vivyo hivyo hulichukua neno jivu na kuunda kitenzi chenye maana ya kuzoa jivu madhabahuni. Huchukua neno lenye maana ya mzizi wa mti na kuunda kitenzi cha kung'oa. Na kutokana na khata, kukosa, huunda khitte, kuliondoa kosa au doa. Kiswahili chenyewe kina kosa na kosoa, ingawa kosoa imekwenda na hamsini zake siku hizi na kuwa kazi ya wahakiki. Khattat, basi, ni jina linalokwenda na kitenzi hicho cha kutendua. Si sadaka ya dhambi, ni sadaka ya kutakasa. Jacob Milgrom, mtaalamu wa Kiyahudi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alilitetea jambo hili katika makala ya mwaka 1971, kisha kwa urefu mkubwa katika ufafanuzi wake wa Walawi uliotoka mwaka 1991.

Anayetilia shaka hoja za sarufi na atazame matumizi. Katika Kutoka sura ya 29 na Walawi sura ya 8, madhabahu mpya, iliyotoka mikononi mwa fundi juzi, inafanyiwa khattat. Madhabahu ni mti wa mshita uliofunikwa shaba. Ilipata wapi nafasi ya kutenda dhambi? Katika Hesabu sura ya 6, mnadhiri aliyejinyima divai na kuacha nywele zake zikue anapoitimiza nadhiri yake barabara, anatakiwa kutoa khattat. Tukishikilia neno dhambi, kila ukurasa unatuletea kitendawili. Tukiweka utakaso, vinateguka vyote kwa mpigo, na cha Maria kikiwa mojawapo.

Neno upatanisho nalo ni zuri, na sitaki lifutwe popote. Ila tulichambue. Pata imepewa kiambishi cha kutendana ikawa patana, kisha kiambishi cha kusababisha ikawa patanisha. Neno lililojengwa hivyo linadai pande mbili zilizokosana na mtu wa tatu anayezirudisha pamoja. Kiingereza kinadai vivyo hivyo kwa neno alilolieneza William Tyndale katika tafsiri yake ya Torati ya mwaka 1530, neno ambalo asili yake ni kuwa kitu kimoja. Kipper haidai ugomvi. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama asili yake ni kufunika, kama Kiarabu kinavyodokeza, au ni kufuta na kupangusa, kama kilivyo kitenzi cha Kiakadi, kuppuru. Mimi naegemea upande wa kupangusa, kwa sababu ibada yenyewe inaonekana hivyo. Vibao vya udongo vya Babeli vinavyoeleza sikukuu ya mwaka mpya vinasema kwamba siku ya tano hekalu lilipanguswa kwa mzoga wa kondoo, mzoga ukatupwa mtoni, na watu walioifanya kazi hiyo wakakaa nje ya mji hadi sikukuu iishe. Kilichopanguswa pale ni jengo.

Wanafunzi wa Kiswahili wa shule za upili wanafahamu tofauti ya shamirisho kipozi na shamirisho kitondo. Katika sentensi "Mama alimwoshea mtoto nguo", zilizooshwa ni nguo. Mtoto ni mfaidiwa tu, huenda hata hakutiwa tone la maji. Milgrom aligundua kwamba katika ibada za khattat, kipper hutenda namna hiyo hiyo. Patakatifu, hema na madhabahu huweza kusimama kama shamirisho kipozi, kama ilivyo mara mbili katika Walawi 16. Mtu hasimami hapo kamwe. Yeye hutanguliwa na kihusishi chenye maana ya "kwa ajili ya". Kuhani hampangusi mtu. Anampangusia mtu mahali patakatifu. Na ndivyo damu inavyokwenda: khattat ya mtu wa kawaida au ya mtawala, damu hupakwa pembe za madhabahu ya nje, ya kuhani aliyetiwa mafuta au ya mkutano mzima, damu huingia ndani hadi mbele ya pazia na kwenye madhabahu ya uvumba. Mtenda yuko mbali hemani mwake, lakini doa limekwenda kutua katika nyumba ya Mungu, na kadiri jambo lilivyo zito ndivyo doa linavyopenya ndani zaidi. Damu hupakwa mwilini mwa mtu katika ibada chache, kwa mfano sikioni na kwenye vidole gumba vya kuhani anayewekwa wakfu, lakini hiyo si damu ya khattat.

Si kila mtu aliyeikubali hoja hii nzima. Roy Gane, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2005, ameonyesha kuwa maandiko mara nyingi husema mtu hutakaswa "kutoka" unajisi wake, na kwamba kihusishi hicho kinamtaja mtu mwenyewe kuwa ndiye anayeondolewa kitu. Nadhani Gane ana haki hapa, kwa sababu mama wa Walawi 12 anatajwa waziwazi kuwa safi mwishoni. Hata hivyo wote wawili, Milgrom na mpinzani wake, wanakubaliana kwamba hakuna kosa lililotendwa na mama huyo.

Najisi, kwa hiyo, ni nini? Katika shule zetu imezoeleka kufundisha kwamba Musa alikuwa kama afisa wa afya, na kwamba sheria hizi zilikuwa kinga dhidi ya viini vya maradhi. Maelezo hayo yanapendwa kwa kuwa yana sura ya sayansi, lakini hayasimami. Jasho, mkojo na usaha wa kidonda cha kawaida, Walawi haivihesabu kuwa vyanzo vya najisi. Damu inayochuruzika kutoka mguu uliokatwa na jembe hainajisi. Vyanzo ni vichache na vya ajabu: maiti ya binadamu na mizoga fulani, vitu vinavyotoka katika viungo vya uzazi, vya mwanamume na vya mwanamke vilevile, na ugonjwa wa ngozi ambao Biblia yetu huuita ukoma. Ugonjwa huo hauwezi kuwa ukoma ambao kiini chake kilitambuliwa na Hansen mwaka 1873, kwa maana Walawi inasema huota pia katika nguo na katika kuta za nyumba. Milgrom anaviunganisha vyote hivi kwa uzi mmoja, ambao ni mauti. Maiti ni mauti yenyewe; damu ya uzazi na shahawa ni uhai unaoutoka mwili; na mwenye ngozi iliyoharibika alionekana kama maiti inayotembea. Mungu wa Israeli ni Mungu wa uhai, na harufu ya mauti haitakiwi kuingia nyumbani mwake. Mary Douglas, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake wa kwanza miongoni mwa Walele wa Kasai huko Kongo, alilitazama suala hili kwa jicho jingine katika kitabu chake cha mwaka 1966, akasema uchafu ni kitu kilicho mahali pasipokuwa pake. Baadaye aliirekebisha mwenyewe tafsiri yake ya Walawi. Nadharia ya mauti naiona ina nguvu zaidi, ingawa haielezi kwa nini mama wa mtoto wa kike anahesabiwa siku 80 na wa mtoto wa kiume 40.

Lakini lenye uzito zaidi ni hili. Mtu wa Israeli hakuweza kuishi maisha mema bila kuwa najisi. Kuzaana ni amri katika Mwanzo. Kumzika mzazi ni wajibu. Na hata kuhani, aliyekatazwa kuzikaribia maiti, anaruhusiwa katika Walawi 21 ajitie unajisi kwa ajili ya mamake, babake, mwanawe, nduguye, na dada yake asiyeolewa. Sheria inayomruhusu mtu kuwa najisi kwa ajili ya mamake haiwezi kuwa inaihesabu najisi hiyo kuwa dhambi. Kosa ni kuipuuza: kukaa nayo bila kuoga, kuingia patakatifu nayo. Hesabu sura ya 19 inaeleza dawa ya aliyegusa maiti, maji yaliyochanganywa na jivu la mtamba mwekundu, naye hunyunyiziwa siku ya tatu na ya saba. Na kwa kinyume cha kushangaza, aliyemchoma mtamba na aliyelizoa jivu wote huwa najisi hadi jioni. Walikuwa kazini, tena kazi takatifu.

Waswahili wa pwani hawatapata taabu kuyaelewa haya. Mtoto wa chuoni hufundishwa mapema maana ya hadathi, janaba, hedhi na nifasi, na jinsi ya kukoga josho. Anajua kuwa mwenye hedhi haswali wala hafungi, kwamba saumu atailipa baadaye na sala hatailipa, na kwamba hapati dhambi kwa kuiacha. Angepata dhambi kama angeswali katika hali ile. Hali na kosa ni vitu viwili vyenye majina mawili. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kikristo anatumia lugha hiyo hiyo, yenye maneno hayo hayo, lakini tofauti hiyo imempotea.

Isidhaniwe kuwa Israeli haikujali dhambi. Jonathan Klawans, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ametenganisha unajisi wa kiibada na unajisi wa kimaadili. Huu wa pili hutokana na uuaji, ibada ya sanamu na zinaa za aina fulani. Haumwambukizi anayemgusa mtenda, hauondoki kwa kuoga, wala haupiti jua likitua. Huichafua nchi yenyewe, na mwisho wake ni watu kutapikwa na nchi hiyo. Kwa uhai wa muuaji, Hesabu sura ya 35 inakataza kupokea fidia yoyote. Mwizi naye, au aliyemdhulumu mwenzake na kuapa uongo, katika Walawi sura ya 6 hapelekwi kwa kuhani kwanza. Anarudisha alichokichukua, anaongeza sehemu ya tano ya thamani yake, anamkabidhi mwenyewe mkononi, kisha ndipo kondoo wa sadaka ya hatia anapoletwa. Wakati ambapo katika nchi yetu mali ya umma hutafunwa na mtafunaji akaonekana Jumapili akitoa mchango mnono kanisani, utaratibu huo wa Walawi ungefaa usomwe kwa sauti, kwa kufuata mpangilio wake.

Tofauti hizi zote hukutana katika siku moja, ya 10 ya mwezi wa saba, inayoelezwa katika Walawi 16. Kuhani mkuu huvua mavazi yake ya fahari, huoga, huvaa kitani tupu. Huchinja fahali kwa ajili yake na nyumba yake, kwani hakuna anayemsafishia mwenzake akiwa mchafu. Huingia nyuma ya pazia na konzi mbili za uvumba ili moshi ukifunike kiti cha rehema, ambacho kwa Kiebrania jina lake limetokana na mzizi uleule wa kipper. Hunyunyiza damu, hutoka, hurudi na damu ya mbuzi aliyeangukiwa na kura ya Bwana, hunyunyiza tena, kisha husafisha hema na madhabahu, kutoka ndani kuja nje, kama afagiavyo mtu chumba na kuelekea mlangoni. Kazi hiyo ikiisha, ndipo mbuzi wa pili, wa Azazeli, anapoletwa akiwa hai. Kuhani humwekea mikono yote miwili kichwani, hutaja kwa kinywa chake maovu ya wana wa Israeli, kisha mbuzi hupelekwa jangwani. Msomaji azingatie: mbuzi anayebeba maovu hachinjwi, na damu yake haipakwi popote. Damu imekwisha kufanya kazi yake, kupafuta mahali patakatifu. Maovu yanahitaji kutajwa na kuchukuliwa mbali. Na baada ya hekalu kubomolewa na Warumi mwaka 70, wakati ambapo hapakuwa tena na damu wala mbuzi, marabi waliokusanya Mishna yapata mwaka 200 walishikilia kuwa siku hiyo haiondoi kosa la mtu kwa mwenzake mpaka kwanza amwendee mwenzake huyo na kumridhisha.

Iwapo siku moja jopo la wafasiri litakaa tena mezani, pendekezo langu ni dogo: pale ambapo Kiebrania kina khattat ya mama, ya mnadhiri na ya madhabahu, pawekwe sadaka ya utakaso. Mpaka siku hiyo ifike, mwalimu anaweza kulisema jambo hili kwa dakika mbili ubaoni. Na mwanafunzi akiendelea kushuka katika sura hiyo ya 16, atamkuta mtu asiyetajwa jina, yule aliyepewa kazi ya kumpeleka mbuzi jangwani. Anarudi jioni kutoka huko, amechoka, na vumbi miguuni. Anasimama nje ya kambi, anafua nguo zake, anaoga, kisha anaingia kwake.